Sauti Iliyochelewa

Mzee Bonaventura alikutwa amelala chali kando ya mtumbwi wake, chini ya ngazi za mawe zinazoshuka kutoka uani kwake mpaka ufukweni Katonga. Alikuwa amevaa suti ya kahawia aliyoshonewa kwa ajili ya jubilei ya ndoa yake, ua jeupe bado limebanwa kifuani. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Maji ya ziwa yalikuja, yakalamba kiatu kimoja, yakarudi.

Inspekta Skolastika alichuchumaa bila kugusa kitu. Alilitazama jiwe lenye damu, akazitazama ngazi, akalitazama tena jiwe.

"Ameteleza, afande?" Koplo Nikodemu aliuliza.

"Aliyeteleza kwenye ngazi huangukia penye ngazi. Huyu ameanguka huku mbele, tena kinyumenyume. Tazama koti."

Kifungo cha juu kilikuwa kimenyofolewa, uzi unaning'inia. Kwenye mkono wa koti palikuwa na doa jeusi la grisi.

"Alisukumwa," Nikodemu alisema.

"Alishikwa kwanza, ndipo akasukumwa. Wapigie watu wa alama za vidole. Na mtu yeyote asitoke huko juu."

Juu uani turubai lilikuwa bado limesimama. Keki ilikuwa mezani, haijakatwa. Mjane, Mama Verediana, alikaa katikati ya wanawake wenzake na gauni lake jeupe la jubilei, mikono imelala mapajani kana kwamba si yake.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumekwisha poa."

"Mzee alishuka kufanya nini?"

"Alisema anakwenda kupunga upepo, akusanye maneno yake. Zamu yake ya kusema ilikuwa imekaribia. Kwaya ikaanza kuimba, kwaya ikamaliza. Mshereheshaji akamwita, hakuja. Nikaenda mwenyewe mpaka juu ya ngazi, nimwite." Hakuhitaji kusema alichokiona.

"Hukusikia ukelele wowote kabla ya hapo?"

"Hapa ni mwalo, mwanangu, wavuvi hushusha samaki. Watu huitana kutwa nzima. Nani atasikiliza?"

Mtu wa pili kuhojiwa alikuwa Erasto, mdogo wake marehemu. Mwenyekiti wa jumuiya, mvi zimechanwa vizuri, tai haijapinda. Alijibu kwa upole, neno kwa neno, kama mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Ulikuwa wapi kwaya ilipokuwa ikiimba?"

"Meza kuu. Tangu walipoanza mpaka walipomaliza."

"Hukunyanyuka?"

"Sikunyanyuka."

"Nani alinyanyuka?"

Erasto alitazama chini. "Sipendi kumsema mtu kwenye msiba."

"Sema, mzee."

"Yule kijana wa boti. Calixte. Huyo hata akivaa suti, mikono yake ina grisi."

Calixte Ngendakumana alizaliwa kambini, baada ya wazazi wake kukimbia Burundi. Baadaye familia ilipewa uraia ikahamia mjini, naye akajifunza ufundi wa injini za boti mpaka wavuvi wa Katonga wakawa hawamwamini fundi mwingine. Alisimama mbele ya Inspekta akiwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Ulikwenda wapi?"

"Kununua barafu. Soda zilikuwa za moto."

"Ulipita kwenye ngazi?"

"Hapana. Nilitokea lango la mbele."

"Grisi kwenye koti la marehemu imetoka wapi?"

"Alinikumbatia asubuhi nilipofika. Nilikuwa nimetoka kuwasha jenereta."

"Nani aliona?"

Calixte alifikiri. "Sijui. Sikujua kama itafaa mtu aone."

Muuza barafu alikubali kwamba kijana alifika kwake, ila saa hakuikumbuka. Siku hiyo alikuwa na wateja wengi. Watu uani walikuwa wameshaanza kunong'ona, na mnong'ono mmoja ulikuwa na neno "mkimbizi" ndani yake. Inspekta Skolastika alimchukua Calixte kituoni. Kwa sehemu ili amhoji, kwa sehemu ili asipigwe.

*

Siku ya jubilei Frida, binti pekee wa Erasto, ndiye aliyepiga video. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Rusimbi, na kazi ya video alijifunza mwenyewe kwa kupenda, akiwahariria ndugu zake ubatizo na kipaimara. Alikuwa ameisimamisha simu yake kwenye stendi ya miguu mitatu nyuma ya wageni, akaiacha irekodi sherehe yote bila kukatisha. Meza kuu na mdomo wa ngazi vyote vilikuwa ndani ya picha.

"Simu iko wapi?" Inspekta alimuuliza baada ya mazishi.

"Hii hapa. Lakini nafasi ilikuwa imejaa. Faili nimeihamishia kwenye laptopu, kwenye simu nikaifuta."

"Ukaifuta?"

"Nimezoea kufanya hivyo kila sherehe, afande."

Inspekta aliandika jambo hilo na kulipigia mstari. "Wewe na Calixte mna uhusiano gani?"

"Ni mchumba wangu."

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Hataki."

"Na marehemu?"

"Baba mkubwa hakuwahi kunijibu. Alinisikiliza tu, akasema atafikiri."

Nakala ya faili ililetwa kituoni. Kompyuta ya pale ilikuwa ya zamani. Ilicheza picha na kukataa sauti. Watu walifungua na kufunga midomo kama samaki. Inspekta alimwomba Frida airende, kama wapiga video wanavyoiita ile kazi ya programu kushona picha na sauti kuwa faili moja inayochezeka popote. Flashi ikaletwa. Ikawekwa. Watu wakacheza, kwaya ikapanuka vifua, na spika hazikutoa hata mkwaruzo.

"Umeiondoa sauti," Inspekta alimwambia.

"Sijaiondoa. Kwangu inasikika."

"Mbona hapa haisikiki?"

"Sijui, afande. Kweli sijui. Kwenye programu naisikia, nikiirenda inapotea."

Inspekta alimtazama machoni. Aliona hofu, lakini hofu haina kabila. Mwongo anayo na mkweli anayo. Frida alirudi nyumbani akakagua hatua moja moja, akakuta kwamba kwenye ukurasa wa mwisho wa kurenda, kisanduku cha sauti hakikuwekewa alama. Kosa dogo la kidole. Akarenda upya, na kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma kwenye kipaza sauti, akaweka kichujio cha kuondoa kelele ili polisi wasikie vizuri.

Flashi hiyo ya pili hakuileta yeye. Aliileta baba yake.

"Nimeitazama na binti yangu," Erasto alisema, akiiweka mezani kwa vidole viwili. "Kuna mahali mtasikia sauti ya kaka yangu. Mimi nimeshindwa kurudia."

Waliisikia. Katikati ya wimbo wa kwaya, kwa mbali, nyuma ya kinanda, sauti ya mzee: "...mama...". Kisha kishindo. Kisha kwaya peke yake.

Nikodemu alisimamisha picha. Meza kuu ilionekana wazi. Erasto ameketi, mkono kwenye glasi ya maji. Kiti cha Calixte kitupu.

"Kazi imekwisha, afande," alisema. "Ukitoka lango la mbele, unaweza kuzunguka mpaka ufukweni."

Ilionekana imekwisha. Daktari aliyechunguza maiti alikuwa ameandika kwamba marehemu hakufa papo hapo. Alibaki na uhai kwa muda, akivuja damu. Kwa hiyo saa ya kusukumwa ingejulikana kwa ukelele ule tu, na wakati huo mtu mmoja tu hakuwa kwenye picha. Mkuu wa upelelezi aliliita jalada akalisoma, akasema liandaliwe kwenda kwa mwendesha mashtaka.

Calixte alipoonyeshwa ile picha, aliinama mbele mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapo nilikuwa barafuni," alisema.

"Na mzee alikuwa analia."

"Nilikuwa barafuni." Alirudia kwa sauti ya mtu anayejikagua mwenyewe. "Afande, inawezekana mtu akawa amefanya kitu asikumbuke?"

Swali hilo lilimkera Skolastika kuliko kukana kungemkera. Alikuwa amewahoji wauaji. Hakuna aliyewahi kumuomba msaada wa kujua kama ni muuaji.

*

Skolastika aliiandikia video maelezo ya kielelezo mwenyewe, akiitazama tangu mwanzo na kuandika kila kinachotokea. Mshereheshaji anapiga makofi kuwakaribisha wageni. Paa, paa. Mama Verediana anashika mkono wa mumewe. Hotuba fupi ya mshereheshaji. Maneno na midomo vinakwenda pamoja. Chakula. Kwaya, migongo yao ikiziba mdomo wa ngazi mara kwa mara.

Karibu na mwisho, baada ya kwaya, wanawake walimzunguka Mama Verediana wakampigia makofi. Inspekta aliona mikono ikigongana. Hakusikia kitu isipokuwa kinanda. Wanawake wakakaa chini, wakajipepea, mmoja akafungua soda. Ndipo makofi yakasikika.

Aliinua kalamu.

Alirudisha nyuma. Mikono, kimya. Soda, makofi.

"Kompyuta hii mbovu," Nikodemu alisema. Akaiweka flashi kwenye kompyuta ya ofisi nyingine, wakatazama huko. Yaleyale. Wakarudi mwanzo: mshereheshaji anapiga makofi, sauti iko palepale mikononi mwake. Wakarudi mwisho: sauti imepotea njia.

"Kama sauti ni mbovu, mbona mwanzo ni nzima?" Inspekta aliuliza.

"Labda amezichezea."

"Nani?"

"Frida."

"Achezee ushahidi ili mchumba wake afungwe?"

Nikodemu alikuna kidevu. "Labda alitaka kumwokoa akakosea."

"Au labda hampendi. Au anampenda baba yake zaidi. Au sijui." Skolastika alifunga jalada, akalifungua tena. Kichwa kilikuwa kimejaa kama soko la Mwandiga siku ya gulio, kila wazo linaita wateja na hakuna la kununua.

Alimwita Frida aje na laptopu.

"Mwisho wa video uko wapi?" alimuuliza hata kabla hajakaa.

"Upo, afande. Nilikata kipande kidogo."

"Ulikata nini?"

"Pale mama mkubwa alipokwenda kwenye ngazi. Pale alipolia. Wewe ungeweza kukiacha?"

"Kirudishe. Rende yote, hapahapa, mbele yangu."

Alirudisha. Mstari wa kijani ukatambaa polepole kwenye kioo, ukafika mwisho. Wakasogeza viti.

Mama Verediana alikwenda kwenye ngazi na gauni lake jeupe. Akasimama. Akaweka mikono kichwani, mdomo wazi. Watu wakaruka kutoka vitini, viti vikaanguka, wanaume wakakimbilia ufukweni, mtoto akabebwa mgongoni. Na juu ya haya yote mshereheshaji alikuwa akitania kwamba bwana harusi amemkimbia bibi harusi, na wageni wakicheka.

Mkono wa Frida uliingia kwenye picha kuzima simu. Kioo kikawa cheusi. Gizani humo wakacheka tena, wakanyamaza, na ndipo yowe la Mama Verediana likasikika.

Frida alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Umefanya nini hapa?" Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijafanya kitu. Afande, haki ya Mungu, sijafanya kitu."

"Rekebisha."

Frida alivuta mstari wa sauti mbele mpaka yowe likaingia kwenye mdomo wa mwenye yowe. Mwisho ukakaa sawa. Wakarudi mwanzo: mshereheshaji akasikika akikaribisha wageni kabla hajafungua mdomo. Akairudisha sauti mahali pake; mwanzo ukatulia, mwisho ukakimbia. Akajaribu katikati, kote kukaharibika.

"Ni kama blanketi fupi," Nikodemu alisema. "Ukifunika kichwa, miguu iko nje."

"Lakini kwenye simu ilikuwa sawa," Frida alisema. "Niliitazama kabla sijaihamisha. Ilikuwa sawa kabisa."

Inspekta alipiga simu Dar es Salaam, kwa mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali aliyewahi kufanya naye kazi, akamweleza. Yule mtu alisikiliza, akauliza swali moja: video imerekodiwa kwa simu, kwa muda mrefu, mahali penye jua na kivuli?

"Ndiyo."

"Basi kuna uwezekano hakuna aliyeichezea. Kamera ya simu haiendi mwendo mmoja. Simu ikipoa inapiga picha nyingi kwa sekunde. Ikipata joto au kivuli inapunguza. Programu zingine za kuhariri hudhani idadi ni ileile tangu mwanzo. Zinazipanga picha chache zile kana kwamba ni nyingi, picha zinakimbia mbele. Sauti haikimbii. Inabaki nyuma, na kadiri video inavyokuwa ndefu ndivyo inavyozidi kuachwa."

"Kwa hiyo sauti ninayoisikia na picha ninayoiona..."

"Si za wakati mmoja. Sauti ni ya nyuma zaidi. Kwanza ibadilisheni faili asilia iwe na mwendo mmoja wa picha, ndipo muihariri. Na ondoeni vichujio vyote. Kichujio cha kelele hakijui kelele ni ipi na mtu ni yupi. Kinakula vyote vilivyo mbali. Nami nitumieni laptopu na faili asilia kwa lakiri, niandike ripoti ya mahakama."

Inspekta aliweka simu chini. Alimgeukia Frida akamweleza polepole, naye aliposikia neno la kichujio, macho yake yalibadilika.

"Ukelele wa baba mkubwa ulitokea mapema kuliko tulivyoona," Frida alisema.

"Ndiyo."

"Wakati huo Calixte alikuwa bado hajatoka."

"Hatujui. Tutaona."

Frida aliweka mikono kwenye laptopu, halafu akairudisha mapajani. Inspekta alielewa. Kuna kiti kimoja kilichokuwa na mtu kwenye picha ile, na kama picha ilikuwa ya baadaye, hakuna ajuaye kiti hicho kilikuwaje kabla.

"Naweza kuipeleka Dar ilivyo," Skolastika alisema. "Huna lazima ya kuifanya wewe."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui. Wiki. Pengine zaidi."

"Na yeye atakuwa mahabusu."

"Ndiyo."

Frida alikaa. Alitoa nakala ya faili asilia, akaibadilisha mwendo, akaondoa kichujio, akahakikisha kisanduku cha sauti kina alama. Mstari wa kijani ukaanza tena kutambaa. Alivaa visikilizio masikioni ili aukague ukelele kwanza, kama alivyozoea.

Aliusikiliza mara moja. Akaurudia. Kisha akavua visikilizio akampa Inspekta, na akageuza uso ukutani.

Skolastika alisikiliza. Upepo ulikuwa umerudi, mawimbi yamerudi, na ndani yake sauti ya mzee sasa ilikuwa na maneno kamili: "Mwene mama, leka. Mwene mama..." Kisha kishindo.

Skolastika alikuwa amekulia Tabora, Kiha chake kilikuwa cha salamu tu. "Anamwita mama yake?"

"Muulize afande Nikodemu," Frida alisema, bila kugeuka. "Mimi siwezi kuitafsiri."

Nikodemu, mtu wa Kasulu, alivaa visikilizio. Alivivua taratibu.

"'Leka' ni acha."

"Na hayo mengine?"

"Si mama yake anayemwita, afande. Mwene mama ni mtoto wa mama yangu. Ni ndugu wa tumbo moja."

"Marehemu alikuwa na ndugu wangapi wa tumbo moja walio hai?"

Frida ndiye aliyejibu. "Mmoja."

Kwenye kioo, picha ilikuwa imesimama palepale ukelele uliposikika. Calixte alikuwa amesimama karibu na makreti ya soda, akigusa chupa kuona kama imepoa. Kwenye meza kuu glasi ya maji ilikuwa peke yake.

*

Erasto alikuja kituoni kwa miguu yake, akidhani ameitwa kutia sahihi maelezo yake. Inspekta alimsomea onyo: hana lazima ya kusema chochote, na atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Ulisema hukunyanyuka."

"Sikunyanyuka."

"Tangu kwaya ilipoanza?"

"Tangu ilipoanza. Si mmeniona kwenye video?"

"Tulikuona. Ulipoiona wewe, hukushangaa?"

Swali hilo halikuwa lile alilolitegemea.

"Kwa nini nishangae?"

Inspekta aligeuza kioo kumwelekea. Akacheza kipande. Kwaya, upepo, glasi, kiti kitupu. "Mwene mama, leka." Kishindo. Aliacha picha iendelee. Wimbo uliendelea ubeti mzima, ndipo kichwa chenye mvi kikachomoza kwenye mdomo wa ngazi, kati ya mabega ya wanakwaya, mahali ambapo mwanzoni hakuna aliyepatazama. Mtu akapita nyuma ya meza, akaketi, akashika glasi kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha. Baada yake ndipo Calixte akasema neno na mpishi na kutoka kwa lango la mbele.

Erasto aliangalia hadi mwisho. Alipozungumza, sauti yake ya kanisani ilikuwa imekwisha.

"Hiyo siyo niliyoiona."

"Ile ya kwanza ilikuwa na hitilafu."

"Hitilafu." Alilitafuna neno. "Mimi nilipoiona nilichanganyikiwa, Inspekta. Nilijua mahali nilipokuwa. Nilijua mikono yangu ilifanya nini. Halafu naiona picha, kaka yangu analia na mimi nimekaa mezani kwa amani. Niliirudia mpaka binti yangu akaondoka chumbani. Mwishoni nilisema, Mungu amenificha."

"Ndiyo ukatuletea mwenyewe."

"Ndiyo nikawaletea."

"Alikwambia nini kule chini?"

Erasto alishusha pumzi. "Mimi ndiye niliyemfuata. Nilikuwa nimesikia kwa shemeji kwamba atasema jambo siku hiyo. Nikamuuliza, jambo gani? Akasema, nimeipokea posa ya yule kijana. Leo nitamsimamisha na Frida mbele ya ukoo, kwenye jubilei yangu, niwabariki. Nikamwambia huyo ni binti yangu. Akasema, mimi ndiye mkubwa, baba yetu aliniachia mimi neno hilo."

"Na wewe ulimkataa kijana kwa nini? Mlevi? Mwizi?"

"Hapana."

"Ana mke?"

"Hapana. Watu wananiita mwenyekiti. Nimekuwa nikisema hadharani, hawa wa kambini tuwapokee, ni ndugu. Nimesimama nikasema hivyo. Lakini nyumbani kwangu, damu yangu... Sikuweza. Na kaka alikuwa anakwenda kulifanya mbele ya watu wote, na kamera inarekodi, ili nisiweze hata kukunja uso. Nikamshika koti. Nilitaka anisikilize tu. Akaniambia acha. Nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Daktari anasema hakufa hapo hapo."

Erasto alifunga macho.

"Ulijua?"

"Alikuwa ananitazama. Midomo inacheza. Nilisema nitapanda niite watu. Nilipanda kwa nia hiyo kabisa, Inspekta. Nikafika juu nikaona wote wanaimba, hakuna aliyegeuka. Kiti changu kiko wazi. Nikakaa kwanza, nipange nitakavyosema. Halafu wimbo ukaendelea, na kila nilipotaka kusimama, muda ulikuwa umekwisha kuwa mrefu mno wa kuulizwa ulikuwa wapi."

"Na Calixte?"

"Sikupanga jina lake. Uliponiuliza nani alinyanyuka, lilikuja lenyewe." Alifungua macho. "Ndicho kinachonitisha. Lilikuja lenyewe."

Inspekta aliandika maelezo yote, akamsomea, naye akatia sahihi kwa mwandiko mzuri.

Calixte aliachiliwa mchana huo. Alirudishiwa mkanda na kofia, akaambiwa aende. Alisimama mlangoni kama asiyejua barabara inaanzia wapi, akauliza kama Frida amejua. Nikodemu akamwambia Frida ndiye aliyejua wa kwanza. Hakuuliza tena. Alikwenda kukaa kwenye benchi la korido, upande wa pili wa mahali alipokaa Frida, kwa sababu hakujua kama ana ruhusa ya kukaa karibu.

Mama Verediana alikuwa amekuja pia. Alikuwa ameambiwa. Alikaa kati ya hao wawili na kanga nyeusi, akamshika Calixte kifundo cha mkono bila kumtazama.

"Mzee aliniambia usiku ule kabla ya jubilei," alisema. "Nilifurahi. Nikamwambia shemeji kwamba kuna jambo zuri kesho. Ni mimi niliyemwambia."

"Hukukosea, mama," Inspekta alisema.

"Sijui nilichofanya, mwanangu. Yanazunguka tu kichwani."

Mlango wa chumba cha mahojiano ukafunguliwa. Nikodemu alitoka na Erasto, pingu zimefunikwa na koti. Gari lilikuwa linamsubiri nje. Korido ilikuwa nyembamba. Hapakuwa na namna ya kupita bila kugusana magoti.

Frida aliinuka. Skolastika alisogea karibu, asijue atazuia nini. Lakini binti hakulia wala hakupiga. Alifanya kitu ambacho mwili wake ulikuwa umekifanya kila asubuhi tangu alipoanza kusema. Alikunja magoti kidogo, akainama.

"Shikamoo, baba."

Erasto alisimama. Aliangalia utosi wa mwanawe. Nikodemu naye alisimama, akangoja, maana salamu ni salamu hata kituoni. Nje mtu aliwasha injini. Mama Verediana aligeuza uso.

Erasto hakuitikia. Alipita, koti limemning'inia mikononi, akashuka ngazi za mlangoni, akaingizwa garini. Mlango wa gari ukafungwa, na Frida alikuwa bado ameinama palepale koridoni, akingoja jibu.